Mungu wa Karibu: Habari za Neno la Mungu Katika Pwani ya Kaskazini ya Nyasa

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumezaliwa katika nyumba zenye Biblia. Tangu utoto twasikia ya kuwa Mungu yu karibu nasi, na neno hili limezoeleka masikioni mwetu kama sauti ya mawimbi kwa mtu akaaye Matema: husikika usiku na mchana, hata mwenyewe hasikii tena. Kwa hiyo twaona vema kueleza kidogo habari za wazee wetu wa nchi ya chini, toka mto Songwe mpaka miguuni pa milima ya Ukinga, jinsi walivyoujua ukaribu wa Mungu kwanza kwa hofu, na baadaye kwa faraja. Maana mtu asiyeijua hofu ile hawezi kuipima faraja hii.

Jina la Kyala lilijulikana kwa Wanyakyusa na kwa Wangonde kabla wamisionari hawajafika. Wako wazee waliomhesabu Kyala pamoja na mashujaa wa kale walioshuka kutoka Ukinga, kama Lwembe, ambaye ibada yake ilikuwa Lubaga. Na wako waliosema yeye ni mkuu kuliko hao wote. Mahali pa ibada yake paliitwa Palikyala, yaani mahali alipo Kyala. Kwa jina hilo mtu angedhani ya kuwa watu walipakimbilia kwa furaha, kama watoto wakimbiliavyo nyumba ya babu yao. Lakini sivyo. Palikuwa mahali pa kuogopwa, na waliopaendea ni wale wenye kazi hiyo tu.

D. R. MacKenzie, mmisionari wa Kiskoti aliyekaa miaka mingi kwa Wangonde upande wa Karonga, alitoa kitabu mwaka 1925 juu ya desturi za watu wa huko. Katika kitabu hicho asimulia ya kuwa watu walipoona jambo kubwa la kutisha, wakadhani Kyala amewakaribia, walimwomba aondoke. Walimsihi aende zake mbali, hata nchi ya Wasangu, kwani mkubwa kama yeye hakosi mahali pengine pa kukaa. Naye Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hii pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika ya kuwa katika ibada za misiba na za kuzaliwa jambo kubwa lilikuwa kuitenga mizimu na watu walio hai, isiwakalie miilini wala nyumbani mwao. Basi tukiyaweka pamoja maneno haya mawili, twaona wazi haja ya wazee wetu. Hawakuomba wakuu wa mbinguni na wa kuzimu wawe karibu. Waliomba wawe mbali, ili watu wapate kuishi.

Tusiwacheke. Walikuwa na sababu nyingi za kuogopa. Mwaka 1887 watu wa Mlozi, mfanyabiashara ya watumwa, waliwaua Wangonde wengi karibu na Karonga, na waliosalia wakakimbia wakavuka Songwe kuja upande huu. Katika miaka ya 1890 sotoka ikapita ikimaliza ng'ombe, na kwa Mnyakyusa ng'ombe alikuwa ndiye mahari, ndiye maziwa ya watoto, ndiye heshima ya mzee. Tena kila masika mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika ikajaza uwanda. Mtu aliyeyaona hayo, akaambiwa ya kuwa mwenye nguvu zote amefika mlangoni, je, angefurahi? Kwake kukaribiwa maana yake ni kupigwa.

Tena yafaa tujue ya kuwa hofu hii si ya Wanyakyusa peke yao. Biblia yenyewe yaisimulia waziwazi, wala haiifichi. Adamu alipomsikia Mungu bustanini alijificha nyuma ya miti. Waisraeli mbele ya mlima Sinai, walipoona moshi na umeme, walimwomba Musa aseme nao yeye, Mungu asiseme nao wasije wakafa. Isaya alipouona utukufu hekaluni alilia ya kuwa amepotea. Na zaidi ya hayo, sisi tulio watu wa ziwa tuangalie habari mbili zilizotokea ziwani. Ya kwanza ni ya Petro. Alikuwa amevua usiku kucha asipate kitu. Yesu akamwambia ashushe nyavu, zikajaa hata zikaanza kukatika. Petro hakusema asante. Alianguka magotini akamwomba Bwana aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi. Ya pili ni ya watu wa nchi ya Wagerasi, ng'ambo ya ziwa lile. Walimwona yule mwenye pepo ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa, wakamsihi Yesu atoke mipakani mwao. Hayo ndiyo maombi ya wazee wetu, neno kwa neno kasoro jina la Usangu.

Lakini angalieni mwisho wa habari hizi. Adamu alijificha, na Mungu akamtafuta akimwita. Isaya alilia, akaguswa midomo na kutumwa. Petro alimwomba Bwana aende zake, na Bwana hakwenda. Alimwambia asiogope, akamfanya mvuvi wa watu. Huko kwa Wagerasi Yesu aliingia chomboni kweli, akaondoka, lakini hakuiacha nchi ile bure. Alimkataza yule mtu aliyeponywa asifuatane naye, akamwagiza arudi nyumbani kwake akawasimulie watu wake mwenyewe. Waliomfukuza Bwana waliachiwa shahidi wa lugha yao. Jambo hili tulishike, maana litatusaidia kufahamu habari za nchi yetu.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa kwanza waliokaa katika nchi ya Wanyakyusa upande wa Wajerumani. Walikuwa wa namna mbili: ndugu wa Moravian, ambao kao lao kubwa ni Herrnhut, na watu wa misioni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Wote walipitia njia ya maji, kwa mto Zambezi na mto Shire, kisha wakalipita ziwa letu toka kusini mpaka kaskazini. Wa Moravian walijenga Rungwe, wakashika upande wa magharibi. Wa Berlin walishika upande wa mashariki, wakawa na vituo kama Manow, Mwakaleli, na Ikombe ufukoni. Mmoja wa Wamoravian wanne wa kwanza, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka ule ule 1891, hata hajaanza kazi yake. Mwaka 1894 Wamoravian walijenga kituo katika uwanda karibu na ziwa, kikaitwa Ipyana, ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema.

Kazi iliyowachukua siku nyingi ni kujifunza lugha na kuiandika. Mmisionari Schumann wa Berlin alitoa kitabu cha sarufi ya Kinyakyusa mwaka 1899. Sehemu za Maandiko zilitafsiriwa kidogo kidogo, na kabla ya vita iliyoanza mwaka 1914 Agano Jipya lilikuwa limekwisha kupigwa chapa kwa Kinyakyusa. Katika kazi hiyo hapana budi watafsiri walijiuliza: Mungu ataitwaje? Wangeweza kuleta jina geni, nao watu wangelipokea kama walivyoyapokea majina ya vitu vingi vilivyoletwa na meli. Hawakufanya hivyo. Walilitumia jina lile lile la Kyala.

Ndugu wasomaji, fikirini jambo hili vema. Mzee aliyekua akisikia watu wakimwomba Kyala aende mbali, sasa aketi chini ya mgomba, na kijana wa shule amsomea Mathayo sura ya kwanza kwa lugha ya mama yake. Wafika mahali jina Imanueli linapoelezwa maana yake, naye asikia ya kuwa Kyala yu pamoja nasi. Jina ni lile, lakini habari imegeuka. Kyala amekaribia asiue. Amekuja katika mtoto mchanga aliyelazwa mahali pa ng'ombe. Na Mnyakyusa yupi asiyejua mahali pa ng'ombe, ambapo wazee wetu walipafagia na kupatunza kama nyumba yao wenyewe? Aliyeombwa aondoke amekuja kukaa.

Mwaka 1897 Wamoravian walimbatiza mwongofu wao wa kwanza katika nchi hii, huko Rutenganio. Hakuwa chifu wala mtu mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa mwanamke jina lake Fiabarema, naye katika ubatizo akapewa jina jipya, Numwagile, maana yake nimempata. Katika jina hili moja yaonekana tofauti ya zamani na sasa. Mtu hasemi nimempata juu ya yule anayemkimbia. Twasema tumempata mtu tuliyemtafuta, tuliyemkosa, ambaye kumkosa kwake kulituumiza. Wa kwanza kuingia katika kanisa lile hakuitwa ameponyoka na Kyala, wala Kyala amepita. Aliitwa nimempata. Nasi tuliozaliwa Wakristo yafaa tujiulize kama jina hilo tungeweza kulichukua bila kuona haya.

Kisha yakaja majaribu. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Waingereza Guendolen iliipiga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli, na ziwa letu likawa ziwa la vita. Mwezi wa Septemba mwaka ule majeshi yakapigana Karonga. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliingia toka kusini, likaushika mji wa Neu-Langenburg, ambao ndio Tukuyu. Wanaume wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi, na wengine hawakurudi kwao. Baada ya hayo, mwaka 1918 na 1919, yakapita mafua makali yaliyoua watu katika dunia nzima. Na katikati ya shida hizo wamisionari Wajerumani, tangu mwaka 1916, walikamatwa wakaondolewa katika nchi.

Hapo ndipo imani ya pwani hii ilipopimwa. Mzungu aliyeleta habari za Mungu hayupo. Atoaye dawa hayupo. Watu wasioamini walikuwa na haki ya kuuliza: Je, Mungu wenu naye amepanda meli amekwenda zake? Ni mithali ya Waswahili ya kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama Mungu alikuwa wa Wazungu, akikaa kwao Ulaya, basi Mungu huyo angekuwa fimbo ya mbali, na nyoka walikuwa wengi.

Kazi ya kanisa ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa. Baadaye Waskoti wa misioni ya Livingstonia, toka upande wa pili wa mpaka, walipewa kazi ya kuwaangalia Wakristo hawa. Lakini walikuwa wachache, na nchi ni kubwa. Katikati ya miaka ya 1920 wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliporuhusiwa kurudi, walikuta kanisa lipo. Halikufa. Na vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakaondolewa tena, wala safari hiyo kanisa halikufa.

Sababu yake ni nini? Twaweza kutaja bidii ya walimu wale, nasi tulio walimu twawaheshimu sana, kwani walifundisha bila mshahara wa hakika na bila mtu wa kuwatia moyo. Lakini bidii hupungua mtu akiwa na njaa. Iko sababu iliyo chini ya bidii yao, nayo ni kwamba Neno lilikuwa limebaki. Watu waliondolewa, kitabu hakikuondolewa. Tena hakikuwa kitabu cha Kijerumani cha kusomwa na mgeni; kilikuwa cha Kinyakyusa, na aliyejua kusoma aliweza kumsomea asiyejua, hata yeye aliyesomewa akakishika moyoni akaenda nacho shambani. Ni kama kule kwa Wagerasi. Aliyeleta uponyaji ameingia chomboni amekwenda, lakini nyumbani amebaki shahidi asemaye lugha ya watu wake. Basi Wakristo wale walitambua kwa kuona wenyewe neno ambalo Musa aliwaambia Israeli, na Paulo akalirudia kwa Warumi: hapana haja ya mtu kupanda mbinguni wala kuvuka bahari kulileta Neno, kwa kuwa lipo karibu, kinywani na moyoni.

Labda mtu atauliza, Je, Neno laweza namna gani kugeuza hofu kuwa faraja, na Mungu ni yule yule? Tutajibu kwa mfano. Mtoto aliyeiba ndizi husikia hatua za baba yake nje ya nyumba, akatetemeka. Mtoto aliyepotea porini usiku husikia hatua zile zile, akalia kwa furaha. Hatua ni moja, baba ni mmoja. Tofauti ni kwamba wa pili anajua kwa nini baba anakuja. Zaburi ya 139 yasema ya kuwa hapana mahali pa kumkimbia Mungu, si mbinguni, si kuzimu, si pande za mwisho za bahari. Maneno hayo kwa mtu asiyejua nia ya Mungu ni ya kutisha kabisa, maana hata Usangu hapatoshi kumwondosha. Lakini kwa mtu aliyeisikia Injili ni maneno matamu kuliko yote, maana hapana gharika wala kaburi liwezalo kumtenga na mkono ule. Yatupasa kumjua ajaye, na kumjua hakuji kwa kukisia. Kwaja kwa kusikiliza alivyosema mwenyewe.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao vyajulikana pwani yote, hutufundisha jambo lilo hilo. Mfinyanzi hawezi kufinyanga kwa mbali. Hutia mikono yake katika udongo, huukanda, huuzungusha, hata vidole vyake vyaacha alama. Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi apate kujifunza hayo. Udongo ukiona uchungu wa kukandwa, uchungu ule ndio dalili ya kuwa mikono haiko mbali.

Sasa tusemeje juu yetu sisi wa siku hizi? Shule ni nyingi, na mwishoni mwa karne ya 20 Biblia nzima imepatikana kwa Kinyakyusa. Tena ya Kiswahili imo karibu kila nyumba ya Mkristo. Lakini twaona namna mbili za kurudi nyuma, nazo zote mbili zaudhi.

Namna ya kwanza ni ya mtu amtakaye Mungu mbali. Jumapili aimba kwa sauti kubwa, na siku ya soko apunguza kipimo cha mpunga, au atia mawe katika gunia la kakao. Mtu huyu hakumkana Mungu kwa kinywa. Lakini mkono wake uwapo juu ya kipimo, moyo wake wamwomba Mungu aende Usangu kidogo, arudi Jumapili. Wazee wetu waliomba maombi hayo kwa kutokujua. Yeye ayaomba akijua.

Namna ya pili ni ya mtu adhaniye Mungu yu mbali, akamtafuta kwa safari na fedha. Mtoto akiugua, au kazi ikikosekana, mama auza debe za mpunga alizoweka kwa masika, apanda gari akenda mji wa mbali, kwa kuwa amesikia yuko mtu huko mwenye maji na mafuta yenye nguvu. Hatumlaumu, ana mtoto mgonjwa, na dhiki haina macho. Mtoto apelekwe hospitali, na wenye imani wamwombee. Lakini twahuzunika tukiona mtu akinunua kwa fedha ukaribu ambao amekwisha kupewa bure, na Biblia yake imelala juu ya kabati, mavumbi juu yake. Walimu wale wa mwaka 1916 hawakuwa na pa kusafiria. Walifungua kitabu pale walipokuwa, na Mungu alikuwapo.

Kwa hiyo twatoa shauri, wala si gumu. Kila nyumba isome neno moja la Maandiko kila siku kabla ya watu kutawanyika. Desturi hii ina umri mkubwa kwa Wamoravian: mwaka 1728 huko Herrnhut walianza kupeleka neno moja nyumba kwa nyumba kila siku, na kitabu cha kwanza cha maneno ya kila siku kilipigwa chapa kwa mwaka 1731. Hata leo Wakristo wa makanisa mengi huyatumia. Tena lisomwe kwa sauti, hata bibi asiyeona na mtoto asiyejua herufi wapate kusikia. Tena lisomwe kwa lugha iingiayo moyoni; kama ni Kinyakyusa iwe Kinyakyusa, kama ni Kikisi, mtu aeleze kwa Kikisi. Na lisichaguliwe neno la kubembeleza tu, bali na lile lenye kukemea, maana baba asiyekemea yu mbali hata akiwa ndani ya nyumba.

Zaburi ya 73 ni ya mtu aliyewaona waovu wakinenepa, naye karibu ateleze. Alifariji moyo wake kwa jambo moja: alikuja kutambua ya kuwa kumkaribia Mungu kwamfaa kuliko mali ya wale wote. Hakupewa ng'ombe, wala adui zake hawakufa siku ile. Alijua tu ni nani aliyemshika mkono wa kuume, ikamtosha. Mwaka huu pia mito itajaa, bei ya mpunga itapanda na kushuka, na misiba itatufikia. Hatukuahidiwa nchi kavu. Tumeahidiwa ya kuwa maji yakipanda hatutakuwa peke yetu.

Basi, ndugu wasomaji, kitabu kimo nyumbani. Kifungueni jioni hii, msome watoto wakisikia.